Wanaofungua Masikio

Watoto wengi wa Tanzania humaliza shule ya msingi wakifundishwa kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Anayewapokea ni mwalimu wa lugha hiyo. Huenda hana hata redio. Chombo chake ni koo lake. Hutamka ship, kisha sheep, tena na tena, maana Kiswahili kina irabu tano tu na sikio changa haling'amui tofauti. Husoma imla polepole, kisha kwa mwendo wa kawaida. Mvua ikipiga bati, hupita dawati kwa dawati akirudia. Usiku husahihisha madaftari, akisaka neno lililosikika vibaya. Kila daktari aliyeelewa mhadhara wake wa kwanza ana deni kwake.