Kurasa tatu za Weinberg mbele ya kipimo cha h

Novemba 1967 jarida la Physical Review Letters lilichapa makala ya kurasa tatu ya Steven Weinberg. Humo alionyesha jinsi nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya nyuklia zinavyoweza kuelezwa kwa nadharia moja. Leo makala hiyo imo katika zile zinazorejelewa zaidi katika fizikia ya chembe. Ukipanga marejeo yake mwaka kwa mwaka, hata hivyo, utadhani takwimu zimeharibika. Miaka mitatu ya kwanza, 1967 hadi 1969, ni sifuri tupu. Mwaka 1970 likapatikana rejeo moja, 1971 manne. Halafu 1972 yakawa 64, na 1973 yakafika 162. Aliyezichapa takwimu hizo ni Sidney Coleman, mwanafizikia wa Harvard, katika jarida la Science mwaka 1979, Weinberg, Sheldon Glashow na Abdus Salam walipotunukiwa Nobel.

Kurasa zenyewe hazikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni kile ambacho wasomaji wake waliweza kufanya nazo. Mwaka 1967 mtu aliyejaribu kukokotoa kwa undani kwa kutumia nadharia ya aina hiyo alikutana na majibu yasiyo na ukomo, na majibu ya namna hiyo hayapimwi kwenye maabara yoyote. Weinberg alihisi kwamba majibu hayo yasiyo na ukomo yangeweza kuondolewa kihesabu, akaligusia jambo hilo ndani ya makala, ila uthibitisho hakuwa nao. Uthibitisho ulitoka Utrecht, Uholanzi, mwaka 1971, kwa Gerard 't Hooft, aliyekuwa bado mwanafunzi wa Martinus Veltman. Miaka miwili baadaye, mtambo wa Gargamelle katika maabara ya CERN ukanasa chembe za neutrino zikigonga na kuendelea na safari zikiwa neutrino zilezile, jambo ambalo nadharia ilikuwa imelitabiri.

Kwa hiyo mruko wa 1972 unatueleza habari za 't Hooft kama unavyotueleza za Weinberg. Mwanafizikia wa nadharia hurejelea kazi ya mwenzake anapoihitaji mezani, penseli ikiwa mkononi. Wazo zuri lisilokokotoleka atalisifu kwenye chai, na sifa za kwenye chai haziingii katika hifadhidata.

Sasa tuje kwenye kipimo kinachopendwa na kamati za ajira. Mwaka 2005 Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alipendekeza kipimo cha h. Zipange makala za mtu kuanzia iliyorejelewa zaidi kushuka chini. H ni idadi ya makala ambazo kila moja imerejelewa angalau mara h. Mwenye h ya 20 ana makala 20 zilizorejelewa mara 20 au zaidi. Katika orodha ya Hirsch mwenyewe, Edward Witten aliongoza kwa 110, Weinberg alikuwa na 88 na Stephen Hawking 62.

Itazame hiyo 88 kwa makini. Ili makala ihesabiwe ndani yake, marejeo 88 yanatosha. Kurasa tatu za 1967, pamoja na maelfu ya marejeo yake, zimechangia moja tu, sawa kabisa na makala nyingine yoyote iliyovuka mstari huo kwa shida. Hilo lilikusudiwa: Hirsch hakutaka mtu abebwe na kazi moja iliyopata bahati. Lakini katika fizikia ya nadharia, kazi moja ndiyo mara nyingi inayobadili somo zima, na kipimo kinaifyeka kama kinavyofyeka bahati.

Kuna tatizo jingine, nalo ni la majina. Mwaka 2015 timu za ATLAS na CMS za CERN zilichapa kwa pamoja makala kuhusu tungamo la chembe ya Higgs ikiwa na waandishi 5,154. Kati ya kurasa zake 33, orodha ya majina na taasisi ilikula 24. Katika hesabu ya kawaida kila mmoja wao anapata marejeo yote ya makala hiyo, bila kugawana. Kumlinganisha mmoja wao na mtu anayeandika peke yake, kwa namba ileile, ni kazi bure.

Peter Higgs, ambaye jina lake limo katika kichwa cha makala hiyo, aliliambia gazeti la The Guardian mwaka 2013 kwamba kwa utaratibu wa sasa asingepata kazi ya chuo kikuu, kwani asingeonekana mzalishaji wa kutosha. Tangu kazi yake ya 1964 alikuwa amechapa makala zisizofika kumi. Hata zote zingerejelewa mara elfu moja kila moja, zisingeweza kuipandisha h yake kwa zaidi ya tisa. Hirsch alikuwa amependekeza takriban 12 kama kiwango cha kumthibitisha mhadhiri kazini katika vyuo vikubwa vya utafiti.