Bunduki Isiyo na Udhuru

Miongoni mwa fani zinazodharauliwa na macho ya haraka, iko moja ambayo mtazamaji akiiona mara ya kwanza huuliza, na haki ya kuuliza anayo, mtu amebakishiwa kazi gani ndani yake. Mpiga shabaha ameketi mbele ya meza nzito ya saruji. Bunduki yake imelazwa juu ya mifuko ya mchanga, mmoja mbele na mwingine nyuma chini ya kitako. Darubini iliyo juu yake huikuza shabaha mara 36 au zaidi. Kifyatulio huachia kwa uzito wa wakia 2 tu. Na aghalabu mwenyewe haikumbatii bunduki begani, bali huigusa kwa ncha ya kidole na kuiacha irudi nyuma peke yake. Hakuna mnyama anayeuawa wala adui anayetishwa. Yadi 100 au 200 kutoka mezani pana karatasi, basi. Uimara wa mkono, utulivu wa pumzi na nguvu ya bega, mambo ambayo tangu zamani yalimpa mlengaji jina, yote yameondolewa kwa makusudi. Nami naona kwamba katika kuondolewa huko ndimo ilimo fahari ya fani hii, kwa kuwa kila udhuru unaofungiwa mlango humwacha mtu ana kwa ana na jambo moja ambalo chuma hakiwezi kumfanyia.

Sharti la mashindano ni jepesi kulieleza. Mshindani hupewa dakika 7 apige risasi 5 za hesabu, na ana ruhusa ya kupiga za majaribio kadiri apendavyo kwenye shabaha ya pili iliyo chini ya ile ya kwanza. Hapimwi kwa kugonga kitovu. Hupimwa kwa umbali uliopo baina ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, na mwenye umbali mdogo ndiye mshindi. Na kwa kuwa risasi tano za bingwa hupita katika tundu moja lililochanika kidogo pembeni, hata jicho lisiweze kubainisha kama zilikuwa tano au tatu, imelazimu kuweka nyuma ya shabaha karatasi nyingine inayosogea polepole, ili kila risasi iache alama yake mbali na wenzake. Ni michezo michache mno ambayo ustadi wa wachezaji wake umelazimisha itafutwe ithibati kwamba tendo limetendeka.

Makao ya fani hii ni Marekani. Mwaka 1901 C. W. Rowland wa Colorado alipiga risasi 10 kwa masafa ya yadi 200 zikakusanyika katika upana wa inchi 0.725, kwa mtutu uliotengenezwa na Harry Pope, fundi ambaye jina lake bado hutajwa kwa heshima na watu waliozaliwa baada ya kufa kwake. Chama cha taifa kiliundwa mwaka 1951, na kwa muda wa robo karne hivi risasi ya .222, iliyobuniwa na Mike Walker wa Remington, ikatawala meza zote. Kisha, katikati ya miaka ya 1970, daktari Louis Palmisano na fundi wa vyuma Ferris Pindell wakachukua ganda moja la Kirusi, wakalipanua, wakalipa shingo ya milimita 6, wakapata chumba kifupi kinene ambamo baruti huungua kwa usawa. Ganda hilo la Kirusi nalo ni mtoto wa risasi ya AK, na sisi wa Afrika Mashariki na Kongo hatuhitaji kusimuliwa habari za mzazi huyo. Ni ajabu yangu tu kwamba ukoo mmoja umetoa tawi lisilotaka kutoboa chochote ila karatasi.

Walakini ganda peke yake si kitu bila ya kazi ya mikono. Mshindani hanunui risasi zake dukani. Hujaza mwenyewe, pale pale uwanjani, nyuma ya mstari wa meza, akiyatumia tena na tena maganda machache ambayo shingo zake zimekatwa hata unene ukalingana pande zote. Huibana fataki kwa hisia ya kidole gumba. Huikaza risasi hata iguse mwanzo wa mifuo ya mtutu. Na baruti, ambayo joto na unyevu wa saa hubadili tabia yake, huiongeza au kuipunguza kadiri jua linavyopanda, kwa kuwa kipimo kilichofaa alfajiri huweza kumwaibisha adhuhuri. Mtutu wake wa chuma kisichoshika kutu huusafisha baada ya kila duru, na baada ya risasi elfu moja na kitu huustaafisha, ilhali mwindaji angeuhesabu kuwa bado mpya. Sheria huiwekea bunduki ya daraja nyepesi kikomo cha ratili 10 na nusu, kwa hiyo kila wakia ni ya kubishaniwa. Wako wanaoona haya yote ni wazimu wa matajiri. Nakiri gharama si haba, lakini sijaona sanaa iliyokamilika ambayo jirani asiyeijua hakuiita wazimu.

Sasa chuma kimefanya kazi yake, na hapo ndipo upepo unapoingia. Baina ya meza na shabaha husimamishwa bendera ndogo juu ya vijiti, chini kidogo ya njia ya risasi, kila moja na utepe wake na kigurudumu cha mabapa kinachozunguka. Nahodha husoma upepo juu ya maji kabla haujafika tangani. Mpiga shabaha husoma bendera kabla hajagusa kifyatulio, na lazima azisome zote kwa pamoja, kwa kuwa ya karibu huweza kulala kulia hali ya mbali imelala kushoto. Ya karibu ina neno zaidi, maana risasi iliyopotoshwa mapema hubeba upotofu wake safari nzima. Tena upepo hausukumi kando tu: kwa mtutu ambao mifuo yake huzunguka kulia, upepo utokao kulia huipeleka risasi kushoto na juu kidogo, na utokao kushoto huipeleka kulia na chini. Juu ya hayo huja mazigazi ya mchana, yanayoichezesha sura ya shabaha ndani ya darubini hata ionekane mahali isipokuwapo.

Madhehebu ni mawili. Wako wanaongoja: huchagua hali moja ya upepo, wakaijaribu kwenye shabaha ya chini, na kila inaporudi hupiga risasi moja, kisha huketi kimya tena huku dakika zikiyoyoma. Wako wengine ambao wakiona hali imetulia hupiga zote tano mfululizo, kwa sekunde chache, kabla haijageuka. Mimi nawapenda zaidi wa kwanza, ijapokuwa wa pili hushinda mara nyingi; kwa kuwa kuzuia kidole wakati bunduki imejazwa na msalaba wa darubini umetulia juu ya shabaha ni ustadi usioonekana, wala hakuna atakayeupigia makofi.

Mwaka 1973 Mac McMillan alipiga fungu la risasi tano lenye upana wa inchi 0.009 kwa yadi 100, yaani chini ya robo ya milimita, na rekodi hiyo ilisimama miaka 40, hata Mike Stinnett alipopata 0.0077 mwaka 2013. Nambari hizi hushangaza, lakini wenyewe wenye fani huziangalia kwa jicho la tahadhari, wakijua kwamba katika fungu moja bahati huweza kuingia na kutoka bila kuaga. Wanachokiheshimu ni wastani wa mafungu matano, ambao kwa yadi 100 ukishuka chini ya inchi 0.2 humpa mtu heshima. Mshindani haruhusiwi kulitupa fungu lililomchukiza. Akipiga manne ya 0.15, kisha katika la tano akaacha bendera moja imdanganye likapanuka hata 0.45, wastani wake hufika 0.21, na mtu aliyepiga matano ya 0.20, asiyetajwa na yeyote mchana kutwa, huandikwa juu yake.