'Grafu ya laini' na mto usiopungua

Majuzi nikiwa Naro Moru nilipewa ripoti kuhusu matumizi ya maji. Imeandikwa kwa Kiswahili, jambo la kupongezwa. Kilichonikwaza ni mchoro mmoja uliotengenezwa kwa programu ya lahajedwali. Unaunganisha aina mbili za grafu: mvua ya kila mwezi na maji yapitayo mtoni. Chini yake pameandikwa 'chati mchanganyiko ya baa na laini'.

Hebu tuanze na hiyo laini. Kwa Mkenya wa kawaida, laini ni ya simu. Kwa seremala, ni ubao uliopigwa randa. Sasa grafu ya laini ni ipi, ile isiyokwaruza? Sema mstari. Baa nayo ni pombe au ni balaa. Tunazo pau, ile miti myembamba ya kuezekea nyumba, na vitabu vimeshaizoea 'grafu ya pau'.

'Mchanganyiko' si kosa, ila ni neno legevu. Ukichanganya maziwa na chai, huwezi kuvitenga tena. Katika mseto, mchele na choroko hupikwa chungu kimoja na bado kila punje unaiona (watu wa Nyeri wafikirie githeri). Serikali ya mseto ya 2008 ilikuwa hivyo hivyo! Basi hii ni grafu mseto. Si jambo geni: mwaka wa 1821 William Playfair alichora bei ya ngano kwa pau na ujira wa fundi kwa mstari, pamoja.

Kubwa zaidi ni mhimili. Neno hili linatokana na kuhimili, yaani kubeba uzito. Mvua hupimwa kwa milimita, makumi kadhaa kwa mwezi, wakati mwingine mia na zaidi. Mto hupimwa kwa mita za ujazo kwa sekunde, na mto mdogo kama Naro Moru mara nyingi hupitisha mita chache tu. Waandishi wamevibebesha vyote mhimili mmoja. Pau zimesimama kama mikaratusi. Mstari umelala chini, tambarare, Januari hadi Desemba. Ukiutazama utaapa kwamba mto haupungui. Mkulima wa kule chini kuelekea Ewaso Ng'iro, anayeuona ukinywea Februari, ataambiwa nini akidai kwamba wa juu wanammalizia maji?

Programu yenyewe ina dawa: mhimili wa pili, upande wa kulia. Nimewahi kuuona ukiitwa 'mhimili wa sekondari', kana kwamba kuna mwingine wa msingi uliomaliza darasa la nane. Wa pili unatosha. Lakini uandikwe kipimo chake, maana mwenye hila anaweza kuuvuta mpaka mto uonekane unafuata mvua bega kwa bega. Wataalamu wa maji mara nyingi huning'iniza pau za mvua kutoka juu, kama inyeshavyo, na mstari wa mto ukapita chini yake.

Ripoti ikichapishwa upya, chini ya mchoro paandikwe: 'Grafu mseto: mvua kwa milimita (pau, mhimili wa kushoto) na maji ya mto kwa mita za ujazo kwa sekunde (mstari, mhimili wa kulia)'.