Mtoto Haji Shuleni Mtupu

Mwaka 1966 walimu wawili wa Marekani, Carl Bereiter na Siegfried Engelmann, walitoa kitabu juu ya kuwatayarisha watoto wadogo wa maskini kabla ya kuingia shule. Hata leo kitabu hicho hutajwa watu wanapobishana juu ya jambo hili. Nasi tunataka kusema wazi jema lake na baya lake.

Jema kwanza. Waandishi hao walifanya kazi yao huko Illinois, pamoja na watoto wa miaka 4 hivi, wakiwagawa katika vikundi vidogo. Kila siku kulikuwa na masomo mafupi matatu: lugha, hesabu na kusoma. Walifundisha kwa bidii yale maneno madogo yanayobeba fikira: “si”, “ao”, “yote”, “kama”. Kwa mfano, mwalimu anaonyesha kikombe, na mtoto anasema: “Hiki ni kikombe. Hiki si kijiko.” Ni neno dogo, lakini asiyetenga “ni” na “si” atafuataje hesabu? Hapo tunawasifu.

Sasa baya. Walidhani kwamba watoto hao, wengi wao weusi, walifika shuleni karibu bila lugha. Mwaka 1969 William Labov, mtaalamu wa lugha, aliwajibu. Alisimulia habari ya mvulana wa miaka 8 wa Harlem, katika New York. Alipoulizwa maswali na mtu mzima, alijibu maneno machache tu, kama asiyejua kitu. Mara nyingine mtu yule yule alikaa chini sakafuni, akaleta viazi vya kukaanga na rafiki wa mtoto. Ndipo wavulana wote wawili walisema sana, hata wakakatizana maneno. Basi, lugha ilikuwapo tangu mwanzo. Iliyomfunga kinywa ni hofu, si ujinga.

Neno hili latugusa sisi pia. Huku kwetu Kongo watoto wengi hutoka nyumbani na lugha ya mama yao, wakakuta nyingine shuleni, na mbele zaidi Kifaransa. Wakinyamaza, tusiseme upesi: “Hawana akili.” Yule anayenyamaza mbele ya mwalimu, pengine jana jioni alifumbua vitendawili vya bibi yake, na kufumbua kitendawili ni kulinganisha mambo na kuchagua. Tena mama anayesema, “Lete sahani zote, isipokuwa ile iliyovunjika,” amekwisha kumfundisha mtoto wake “zote” na “isipokuwa”.

Kwa hiyo mazoezi ya walimu wale tuyapokee, lakini dharau yao tuikatae. Mazoezi yaanze katika lugha ambayo mtoto anaijua, ndipo avushwe polepole mpaka lugha ya shule. Wazazi, zungumzeni na watoto wenu, mkijibu maswali yao bila kuchoka. Nanyi walimu, wasikilizeni kwanza, kabla ya kuwasahihisha.