Tumbusi wa Ukutani: Juu ya Sanaa na Kashfa

Mapema mwaka wa 2012, palionekana ukutani karibu na Soko la Jiji la Nairobi, katika Mtaa wa Muindi Mbingu, picha ya mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi. Boniface Mwangi na wasanii wenziwe walikuwa wameichora usiku. Mjadala mkali ukazuka.

Yasemwa mara nyingi kwamba sanaa ya kisasa huleta kashfa kwa sababu haieleweki. Mfano huu wakanusha dai hilo, kwani mla mizoga ni sitiari ambayo hata mtoto huifumbua. Wala kuwadhihaki viongozi si jambo geni kwa wasomaji wa katuni za magazetini.

Kilichochoma, kwa maoni yetu, ni mambo mawili. Kwanza, mahali: picha iliyotundikwa katika nyumba ya maonyesho kule Westlands huonwa na aliyeifuata, ya ukutani humkabili kila mpita njia. Pili, msemeshwa: tumbusi yule alijigamba kwamba wale wale anaowaibia watampigia kura tena. Mtuhumiwa, basi, hakuwa kiongozi peke yake, bali mtazamaji pia.

Mhakiki anayeuliza tu iwapo picha ina adabu hajaligusa swali lenyewe: je, yasema kweli?