Taswira ya Firauni katika Ujumbe wa Wadukuzi wa Kimisri, 2020
Mnamo Juni 2020, mgogoro wa bwawa la Ethiopia kwenye Naili ya Buluu ulipopamba moto, wadukuzi waliojiita Cyber_Horus walibandika katika tovuti za serikali ya Ethiopia taswira ya firauni aliyebaki mifupa, ameshika mundu mrefu na upanga uliopinda. Dhamira yao ni dhahiri: kuitukuza Misri ya kale na kutisha. Hata hivyo, taswira hiyo inawasaliti watunzi wake. Waliyemteua kuulinda mto, ulio uhai wa Wamisri, ni maiti. Isitoshe, msomaji wa Kiswahili hulisikia neno firauni kwa maana ya mtu mwovu (fahari ya huku ni tusi kule). Ziwa Tana, chanzo cha Naili hiyo, limeachwa nje ya picha.