Pikapu Isiyowaka Asubuhi: Kagua Springi Pia

Pikapu kuukuu ya dizeli ikigoma kuwaka asubuhi, na papo hapo inalalia upande mmoja ikibeba mzigo, mafundi wengi hushughulikia kila hitilafu kivyake. Kwenye Hilux moja yenye injini iitwayo 3L (jina la modeli, si ujazo), inayobeba chuma chakavu kutoka Mukuru kwa Reuben kwenda Industrial Area jijini Nairobi, hitilafu zote mbili zilitoka mahali pamoja. Namna fundi alivyopafikia ndiyo inayofaa kuchambuliwa.

Injini hiyo ya lita 2.8 haitumii cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa zaidi ya mara 20. Kwa kuwa mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo kilicho kichwani mwa silinda, kuta baridi za chumba hicho hunyonya joto jingi, na ndiyo sababu ya kuwekwa hita plagi za kukipasha joto. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi na asubuhi za Julai zina baridi, basi hita plagi ndizo hulaumiwa kwanza. Mwenye gari alikuwa ameshanunua nne mpya. Hakuna kilichobadilika.

Fundi aliyemfuata hakugusa spana kwanza. Alisikiliza stata: ilizungusha injini kwa kasi. Akaweka mita kati ya bloku ya injini na hasi ya betri huku stata ikizunguka, na tofauti haikufika nusu volti, kumaanisha waya wa hasi ni mzima. Kisha akatazama ekzosi. Hita plagi zikifa, injini inayozungushwa hutoa moshi mweupe unaonuka dizeli mbichi, kwa sababu mafuta yanafika ila hayaungui. Hapa hapakutoka moshi wowote: mafuta hayakuwa yakifika. Kipimo hiki nakithamini kuliko vingine vyote. Hakigharimu hata shilingi, na kingemwokolea mwenye gari bei ya plagi nne.

Akawasha swichi na kusikia vali ya umeme ya pampu ikigonga. Hiyo nayo ilikuwa salama. Alipobonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta hadi ikawa ngumu, injini iliwaka mara moja. Kulikuwa na hewa kwenye mpira wa mafuta, na usiku kucha dizeli ilikuwa ikirudi tankini. Tatizo la aina hii hufichika kwa sababu upande huo wa pampu hunyonya: hewa huingia bila tone hata moja kuvuja chini. Ili kupata mahali inapoingia, alitumia jerikeni ya dizeli na mpira unaoonyesha ndani, akaruka njia yote ya kutoka tankini. Asubuhi iliyofuata gari liliwaka bila kusumbua. Basi kasoro ilikuwa nyuma ya filta, na akaikuta karibu na tanki: klipu imelegea, mpira umepasuka.

Kwa nini klipu ilegee pale? Hapo ndipo springi inapoingia. Fundi alipima umbali kutoka jicho la mbele la springi hadi katikati ya gurudumu, kulia na kushoto. Vipimo havikulingana, ekseli ilikuwa imerudi nyuma upande ule ule gari lilikolalia. Yubolti zilikuwa zimelegea, na bolti ya katikati, ambayo kazi yake ni kuelekeza tu, ikabebeshwa nguvu yote hadi ikakatika. Raba ya kuzuia ekseli isigonge chasi ilikuwa imekwisha, hivyo kila shimo lilipiga chuma kwa chuma karibu na tanki, na kutikisa klipu na mpira. Barabara kadhaa za Mukuru zimetiwa lami tangu 2020, lakini pikapu ya mzigo haiishi kwenye lami pekee.

Mwenye gari alitaka kuongezewa jani la springi. Fundi alikataa, na nadhani alikuwa sahihi kabisa: jani la ziada juu ya yubolti legevu hupeleka kishindo kikubwa zaidi kwenye chasi. Alikataa pia kuchoma jani la zamani na kulipinda upya kwa nyundo, kwani chuma cha springi kikiiva motoni kikapoa ovyo hupoteza unyumbufu wake.

Alibadilisha bolti ya katikati, yubolti, raba, mpira na klipu. Bushi za springi alizikaza gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si kwenye jeki, zisije zikakazwa zikiwa zimejipinda. Yubolti alizikaza tena baada ya wiki ya kwanza ya mizigo, zilipokwisha kukaa.